Wanafunzi wa Kiungani waliandika: dhana potofu kuhusu barua na nyaraka za vyuo vya karne ya 19

Mazungumzo ya historia ya elimu katika pwani yetu yakishakolea, hukosi kumsikia mtu akisema: "Tatizo wazee wetu hawakuandika. Yote tunayoyajua yameandikwa na Wazungu." Waliopo wanaitikia, maneno yanasonga mbele. Mimi kauli hiyo inaniuma, maana kuna watu inaowafuta. Miaka ya 1880 kulikuwa na vijana Kiungani, Unguja, waliochovya kalamu kwenye wino wakaandika kwa Kiswahili habari zao wenyewe, na leo sisi tunaosema lugha ileile tunasema hawakuwahi kuwapo.

Kiungani ni kusini kidogo mwa mji wa Zanzibar. Palikuwa na Chuo cha Mtakatifu Andrea, cha misheni ya Kianglikana iliyokuja kujulikana kwa kifupi UMCA (Universities' Mission to Central Africa). Misheni hiyo ilizaliwa baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ikahamia Zanzibar 1864 chini ya Askofu Tozer na Edward Steere. Wanafunzi wa mwanzo hawakuwa watoto wa mjini, wala hawakuletwa na wazazi wao. Wengi walikuwa watoto waliotekwa bara, wakauzwa, wakapakiwa majahazini, na majahazi yakakamatwa baharini na mashua za jeshi la majini la Uingereza. Kati ya 1874 na 1883 manowari HMS London ilitia nanga Zanzibar kwa kazi hiyo hasa. Kwa hiyo darasani mlikuwa na Myao, Mmakua, Mnyasa na wengine kutoka mbali zaidi, kila mmoja na lugha ya mama yake, wote wakijifunza Kiswahili cha Unguja na kukifanya lugha yao ya kuandikia.

"Wazee wetu hawakuandika"

Waliandika. Mwaka 1887 mwalimu wao Arthur Madan, ndiye yule aliyetunga kamusi baadaye, alitoa London kitabu cha visa vilivyoandikwa na wanafunzi hao. Wanasimulia walivyokamatwa, walivyopitishwa mkono kwa mkono, na walivyoiona bahari kwa mara ya kwanza. Kitabu ni cha Kiingereza, na maneno ya Kiswahili waliyoyaandika vijana hayakuchapwa humo. Hiyo ni hasara kubwa kwetu, nami naitaja bila kuifunika. Hata hivyo waandishi walikuwa wao.

Mwaka uliofuata, 1888, likaanza gazeti la *Msimulizi*, la Kiswahili, likichapwa pale pale Kiungani kwa mikono ya wanafunzi wenyewe, nalo likaendelea hadi 1896. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na uchapaji ulikuwa moja ya kazi walizofundishwa vijana. Hebu fikiria kazi yenyewe. Kijana anasimama mbele ya kisanduku cha herufi za risasi, anaokota moja moja, anazipanga kinyumenyume ili zikigandamizwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Neno kama "wamekwishafika" ni herufi kumi na nne, kumi na nne za kuokotwa kwa vidole. Na habari alizozipanga zilitoka kwa wenzake waliotumwa kufundisha Magila, Masasi, Newala, mpaka Likoma kwenye Ziwa Nyasa: nani amefika salama, nani ameoa, nani amefariki, njaa iko wapi, vita viko wapi.

Mara nyingi huambiwa kwamba magazeti ya Kiswahili yalianza na *Kiongozi* la Tanga wakati wa Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Wengine huanzia *Mamboleo* la 1923. *Msimulizi* lilikuwa limeshaanza na limeshakoma kabla ya hayo yote.

"Maandishi yaliletwa na herufi za Kirumi"

Ukitoka Kiungani kusifu wamisionari, ni rahisi kuangukia kosa hili la pili. Kiswahili kilikuwa na maandishi kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya Steere kushuka Unguja. Na katika miaka hiyohiyo ya 1880, barua nyingi za Waswahili, za biashara, za madeni, za ndoa, za kumwuliza ndugu aliye safarini, ziliandikwa kwa herufi hizo. Carl Büttner, aliyefundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki kilichofunguliwa Berlin 1887, alikusanya barua kama hizo akazichapisha mwaka 1892. Huko Mombasa, mmisionari William Taylor aliandikiana na kushirikiana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na kwa kalamu ya Sikujua mashairi ya Muyaka, malenga wa Mombasa, yalinusurika. Karatasi hizo leo ziko London.

Kosa hili halikai vitabuni tu. Niliwahi kuwa kwenye nyumba ya msiba, siku ya kugawa vitu vya marehemu. Chini ya kitanda likatolewa kopo la bati la biskuti, ndani mna karatasi zimekunjwa mara nne, kingo zimeliwa na mende, wino umegeuka rangi ya kahawa iliyokolea. Mtu mmoja akasema, "Hizi ni za uganga, zichomwe." Mwingine akasema, "Hapana, ni aya, zizikwe." Bahati alikuwapo mzee mmoja aliyesoma chuoni utotoni. Akafungua ya juu, akaisogeza dirishani, akasoma polepole. Salamu za mwanzo zilikuwa za Kiarabu, "ila jenabi", yaani kwa mheshimiwa, na sifa za anayeandikiwa, kisha "baada ya salamu", na hapo Kiswahili kikaingia: nakuarifu kwamba. Mwandishi alikuwa anamwarifu ndugu yake kuhusu minazi, nani amekwea na nani hajalipa. Chini ilikuwapo tarehe ya Hijria. Wote tulinyamaza. Nusu saa kabla yake ile karatasi ilikuwa inaelekea jikoni.

Kwa hiyo ukiikuta barua yenye mwaka 1306, usishangae wala usidhani ni ya enzi za Wareno. Mwaka 1306 wa Hijria ulianza Septemba 1888.

"Chuo maana yake chuo"

Hili ni dogo lakini limewapoteza hata wasomi. Katika Kiswahili cha wakati ule, chuo kwanza ni kitabu. Pili ni madrasa: mtoto aliyekwenda "chuoni" alikwenda kusoma Kurani kwa mwalimu wake. Ukisoma barua ya 1885 ukakuta "amekaa na vyuo vyake", huyo mtu amekaa na vitabu vyake, wala hamiliki taasisi.

Na upande wa pili, Kiungani kuitwa chuo kusikufanye uone vijana wa miaka ishirini na ushei wakihudhuria mihadhara. Walikuwamo watoto wadogo waliokuwa ndio kwanza wanajifunza irabu, na walikuwamo watu wazima waliokuwa wakiandaliwa ualimu na ushemasi, wote chini ya paa moja. Maisha ya chuo kwao yalikuwa darasa, kanisa, mpira, na kazi za mikono. Chuo hicho hakikufa: katika miaka ya 1920 kilihamia bara, Minaki, nje ya Dar es Salaam, na jina la Mtakatifu Andrea likahama nacho. Waliosoma Minaki wana mizizi Kiungani, na wengi hawajaambiwa.

"Barua ya mwanafunzi ni ukweli mtupu" na "Barua ya mwanafunzi ni kasuku wa misheni"

Nimeziweka pamoja kwa sababu ni watoto wa mama mmoja: uvivu wa kusoma.

Anayesema ukweli mtupu anasahau barua ilikuwa inakwenda kwa nani. Misheni iliishi kwa sadaka kutoka Uingereza. Kuanzia 1883 ilikuwa na jarida lake, *Central Africa*, la kuwapa wachangiaji habari. Barua ya mwanafunzi iliyotokea humo imeshapitia kwa aliyeichagua, aliyeitafsiri, na aliyeipunguza. Kijana mwenyewe naye hakuwa mjinga. Alijua anayemwandikia ndiye anayetoa fedha za chakula chake, na shukrani zake zina adabu ya mtu anayejua hivyo.

Lakini anayesema ni kasuku amekosea zaidi, na hapa nasimama imara. Zisome barua za waliokwisha kutoka chuoni. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeletwa Zanzibar utumwani. Alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, akaenda kufanya kazi Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, kuanzia 1886, na mwaka 1890 akawa kasisi Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo. Mtu aliyeendesha kituo mbali na Mzungu yeyote, akiamua mashauri, akizungumza na wakuu wa Wayao kwa lugha yao, hakuwa akirudia maneno ya mwingine. Katika barua za watu kama yeye kuna kuomba, kuna kulalamika, kuna kutofautiana na mkubwa kwa heshima zote. Pale "Bwana Askofu, shikamoo" inapofuatwa na "lakini", ndipo pa kutulia na kusoma mara mbili.

Na kuna jambo moja la kukumbuka unaposhika karatasi hizi. Mkataba wa 1873 wa Sultani Barghash ulifunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria Zanzibar hadi 1897. Kanisa la Mkunazini lilisimama mahali palipokuwa soko, na bado mitaa iliyolizunguka ilikuwa na watumwa na mabwana. Mwanafunzi wa Kiungani aliyeandika neno "huru" mwaka 1888 aliliandika katika kisiwa ambamo jirani yake hakuwa huru. Neno hilo lilikuwa na uzito ambao kwetu umepungua.

"Wasichana hawamo"

Wamo. Mbweni, mwendo mfupi kutoka Kiungani, misheni ilinunua shamba mwaka 1871 ikajenga shule ya wasichana. Caroline Thackeray alifika 1877 akaiongoza miaka ishirini na tano. Waliosoma kwake wakawa walimu, wakaolewa na walimu na makasisi wa Kiungani, wakafuatana nao bara, na kutoka huko wakaandika kurudi Mbweni. Magofu ya shule yapo hadi leo, watalii wanapiga picha. Ukitaka kujua ndoa, uzazi na upweke wa vituo vile, kalamu ya mwanamke inakwambia mengi kuliko ripoti ya askofu.

"Barua zilichukua mwaka"

Hapana. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na tangu 1872 meli za posta zilikuja Zanzibar kila mwezi kupitia Aden. Barua ya London ilifika kwa mwezi mmoja hivi. Simu ya waya, yaani telegrafu, ilifika 1879. Kilichochelewesha kilikuwa bara, ambako tarishi alikwenda kwa miguu, na barua ya kwenda Nyasa ingeweza kuchukua muda mrefu kuliko iliyovuka bahari mbili.

"Zimepotea zote" au "zote ziko Zanzibar"

Hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar ina hazina yake kubwa, ya serikali ya Sultani na ubalozi wa Uingereza. Lakini karatasi za misheni ziliwafuata wenyewe. UMCA iliungana na jumuiya nyingine ya misheni mwaka 1965, na nyaraka zake sasa ziko Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Za misheni ya Freretown, Mombasa, ambako nako waliokombolewa walisoma na kuandika, ziko Birmingham. Za mapadre wa Bagamoyo ziko Ufaransa.

Ukiandika kuomba, au ukipata bahati ya kwenda, usitafute kwa jina la mwanafunzi kwanza. Wahifadhi hupanga karatasi kwa kufuata zilikotoka, na barua hukaa kwenye jalada la aliyeipokea. Hapo ndipo wengi hukata tamaa: wanatafuta "Majaliwa", orodha haimtaji, wanaondoka. Omba majalada ya askofu, ya mkuu wa chuo, ya mwalimu, kisha pekua. Usiruke jina la Kizungu ukidhani mwandishi ni Mzungu, kwa maana walibatizwa John, Cecil, Agnes. Tazama jina la pili, tazama lugha, tazama mwandiko. Na kama nakala imewekwa kwenye kompyuta, usiandike "Mungu" wala "kila" ukangoja majibu. Wao waliandika "Muungu" na "killa".