Jengo lisilowahi kuwepo halirudishwi

Kila kukicha video za majumba ya ajabu zinasambazwa na maelezo kwamba teknolojia "imeyarudisha". Imeyarudisha kutoka wapi, wakati hayajawahi kusimama popote?

Usanifu wa maono ni pale msanifu anapochora jengo bila kujali kama fedha, vifaa au mafundi wa kulisimamisha wapo. Uhalisia pepe ni ile miwani inayofuata mwendo wa kichwa chako, ukajiona umo ndani ya mchoro kwa ukubwa wake kamili. Video ya kwenye simu siyo, hata iwe nzuri vipi. Tuendelee.

Linaloniudhi ni kuchanganya kazi hii, ya kuyaingiza majengo ya mchoroni kwenye uhalisia pepe, na ile ya kurudisha magofu kwa kompyuta. Kilwa Kisiwani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu kwa leza. Kuta zipo, ukibuni paa lisilolingana nazo, mawe yenyewe yatakusuta. Sasa chukua kaburi la ukumbusho la mwanasayansi Isaac Newton, alilolichora msanifu Mfaransa Étienne-Louis Boullée mwaka 1784: tufe la mita 150 hivi kwenda juu. Mchana, mwanga ungepenya kwenye vitundu vya kuba, na mgeni aliyesimama chini gizani angeona nyota. Usiku, taa kubwa iliyoning'inia katikati ingekuwa jua. Newton mwenyewe alikwishazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, tangu 1727, wala hakuna aliyemwagiza Boullée kazi hiyo. Zimebaki karatasi, zimetunzwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa.

Anayetaka kukuingiza humo kwa miwani anakwama mapema. Ukuta wa ndani una rangi gani? Mlio wa kiatu unarudi baada ya muda gani? Tena kompyuta ikipiga hesabu za mwanga kwa uaminifu, jua likilingana na tundu litaingiza mwale mzima, na nyota za jirani zitafifia. Afuate fizikia au amfuate Boullée? (Mimi ningemfuata Boullée, nyota ndizo alizozitaka.) Mchoraji aliweza kuliacha swali hilo likae. Mwenye kompyuta lazima aamue, na mwenzake akiamua vingine hakuna ukuta wa kwenda kuupima ili kujua nani kakosea.

Basi mkisambaza tena, badala ya "hivi ndivyo lingekuwa", andikeni "hivi ndivyo fulani alivyousoma mchoro", na huyo fulani atajwe kwa jina, kando ya la Boullée.