"Hatuna watoto, wosia wa nini?"

Kauli hiyo wateja wangu wameirudia hadi nimechoka kuisikia. Wanaoitoa ni watu makini: mke na mume wote wana kazi, wamekubaliana kutozaa, na wana hakika kwamba mmoja akifa, kila kitu kitabaki kwa mwenzake.

Si kweli. Marehemu asipoacha mtoto, sheria nyingi huwageukia wazazi wake, kisha ndugu. Ufaransa, ikiwa hakuna wosia na wazazi wote wawili wako hai, mwenzi hupata nusu na kila mzazi robo. Ujerumani nako wazazi au ndugu wana fungu lao. Katika mirathi ya Kiislamu, mume wa marehemu asiye na mtoto hupata nusu, mke robo, na kwa kawaida wosia haumwongezei mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Hapo ndipo hiba, yaani zawadi ya mali, na hati zenye majina mawili hupangwa mapema, wahusika wakiwa hai. Sasa fikiria nyumba mliyoilipia mkopo pamoja lakini imeandikwa jina la mmoja. Aliyebaki anajikuta ana ubia na mashemeji.

Hata walioandika wosia, wengi wameandikiana wao kwa wao, basi. Wakifa katika ajali moja je? Nasisitiza, na sitaacha kusisitiza: tajeni mrithi wa pili na wa tatu, na msimamizi wa mirathi mwenye umri mdogo kuliko wenu. Andikeni pia nani ataamua kuhusu matibabu iwapo aliyebaki hajitambui.

Wapo wanaosema, eti wasiotaka watoto watabadili mawazo tu? Utafiti wa Michigan, Marekani, uliochapishwa 2022 ulikuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano hataki watoto, na wengi wao waliamua wakiwa bado vijana.

Eti mishahara miwili bila ada za shule ni utajiri? Ni nafasi ya kuweka akiba, na wengi huila.

Na eti watoto ndio pensheni? Wapo wazee wenye watoto lakini hawatembelewi na yeyote. Ila ni kweli kwamba asiye na mtoto atalazimika kulipia sehemu kubwa ya matunzo yake, kwa hiyo fungu hilo litengwe sasa, wote wawili wakiwa bado kazini.