Je, wajua kwa nini picha ya fulana huanzia gizani?

Kila inapokaribia siku ya mashindano ya mashua au tamasha la utamaduni, Lamu hujaa fulana mpya: tanga jeupe juu ya kitambaa cha buluu, punda mweusi kifuani, mlango wa kuchonga mgongoni pamoja na nakshi zake zote. Mtu huipokea yake, akaivaa, akaenda zake. Lakini ukiisogeza karibu na macho, swali linakuja lenyewe. Nakshi ndogo namna hii, yenye ncha kali, imefikaje juu ya pamba bila wino kusambaa? Na imejirudiaje vile vile kwenye fulana mia nzima?

Wino umepita kwenye wavu. Na aliyeuamua wavu huo ufunge wapi na uache wazi wapi ni jua lenyewe, baada ya wavu kutunzwa gizani kwa saa kadhaa. Ili hilo lieleweke, ni vizuri kwanza kujua kwa nini wavu ulihitajika.

Chukua karatasi ngumu, kata ndani yake herufi L, iweke juu ya kitambaa kisha pitisha sifongo yenye rangi. Utapata L safi. Sasa jaribu O. Ukimaliza kukata tu, kile kiduara cha katikati kinaanguka sakafuni na unabaki na shimo. Ndiyo sababu maandishi ya kwenye magunia na makasha ya bandarini yana herufi zilizokatikakatika: vile vipande vilivyoachwa ni madaraja ya kushikilia katikati isidondoke. Kwa maandishi ya Kiarabu hali ni hiyo hiyo, maana macho ya mimu, wau na fe nayo huanguka, na ukiyafungia madaraja unaharibu uzuri wa khati. Kwa mtu wa Lamu, aliyekulia kati ya milango na kuta zenye khati ya kupendeza, hilo ni jambo la kuudhi kweli.

Wajapani walilitatua tatizo hili zamani kwa karatasi zao za kuchapia vitambaa, ziitwazo katagami. Vipande vilivyotaka kudondoka walivishikilia kwa nyuzi nyembamba za hariri. Uzi ule ni mwembamba kiasi kwamba rangi huuzunguka na kukutana chini yake, kwa hiyo hauachi alama. Hatua iliyofuata ni rahisi kuiwaza ukishaiona ya kwanza: badala ya nyuzi chache, weka kitambaa kizima cha nyuzi. Mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, alisajili njia yake ya kuchapa kwa kutumia hariri iliyowambwa kwenye fremu. Leo hariri imeipisha polista, ambayo hailegei ikilowa na haichakai upesi.

Wavu unaotumiwa sana kwa vitambaa una nyuzi 43 kwa kila sentimita. Zidisha 43 kwa 43: kila sentimita moja ya mraba ina matundu 1,849. Umewambwa kwa nguvu kama ngozi ya ngoma, ukiugonga kwa kidole unalia. Kazi ya anayejifunza ni moja, kuyaziba matundu yote yasiyohitajika na kuyaacha wazi yale ya picha. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuziba elfu moja mia nane na kitu kwa sentimita, tundu kwa tundu. Mwanga unaweza.

Dawa inayopakwa kwenye wavu huitwa emalsheni. Kwa sehemu kubwa ni gundi inayoyeyuka katika maji, ambayo wanakemia huiita polivinili alkoholi, iliyotiwa kiungo kinachoitwa dayazo. Ikiwa gizani, mchanganyiko huo ukimwagiwa maji unayeyuka na kwenda na maji. Lakini mionzi ya urujuanimno, ile ile inayotuchoma ngozi tukiwa baharini, ikiigusa, dayazo inazifunga zile chembe ndefu za gundi moja kwa nyingine. Zikishafungana, maji hayazitoi tena.

Basi fundi anaupaka wavu emalsheni pande zote mbili, tabaka jembamba na la sawasawa, anauacha ukauke gizani. Kisha juu yake anaweka mchoro mweusi uliochapishwa kwenye plastiki angavu. Asiyekuwa na plastiki huchapisha kwenye karatasi ya kawaida, akaisugulia mafuta ya kupikia hadi nyeupe yake ipitishe mwanga, akaipangusa vizuri. Anapeleka vyote juani. Mahali pasipo na mchoro mwanga unapenya na emalsheni inakuwa ngumu. Chini ya mchoro mweusi mwanga haufiki, na emalsheni inabaki laini.

Halafu maji. Hapa ningependa kila anayejifunza asiwe na haraka, kwa sababu ndipo kazi inapoonekana. Unaunyunyizia wavu maji ya kawaida pande zote mbili, na kwa muda hakuna kinachobadilika. Ni rangi ya kijani tu mbele yako. Kisha mistari ya mchoro inaanza kupauka. Ukigusa hapo kwa ncha ya kidole unahisi utelezi kama wa mlenda, na ute mwembamba unaanza kuteremka. Unazidisha maji kidogo. Tundu la kwanza linafunguka, la pili, mara ukingo mzima wa tanga unapitisha mwanga. Ukiinua fremu kuelekea dirishani unaiona mashua yote, kamba zake na foromali yake, imechorwa kwa uwazi.

Uvumbuzi huu una umri mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1839 Mskochi Mungo Ponton aligundua kwamba karatasi iliyolowekwa kwenye chumvi ya daikrometi hubadilika ikipigwa na jua. Baadaye wengine wakaona kwamba chumvi hiyo hiyo huigandisha gundi ya wanyama isiyeyuke tena, na karakana nyingi ziliitumia miaka mingi. Nasema wazi: anayeanza leo asiiguse. Daikrometi ni sumu, huunguza ngozi, na husababisha saratani. Lamu mitaro ya mji wa kale inapita wazi kando ya vichochoro hadi baharini, mbele ya milango ya watu, watoto wakicheza. Emalsheni ya dayazo inatosha kabisa, na hata hiyo maji yake yakusanywe kwenye ndoo, yasimwagwe mtaroni.

Kwa kazi hii mji wa Lamu una mambo mawili ambayo kwingine hununuliwa kwa pesa nyingi. La kwanza ni giza. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na vile vyumba vya ndani kabisa mwanga wa mchana huvifikia kwa shida. Si lazima pawe na giza totoro, kwa kuwa emalsheni inaogopa mionzi ya urujuanimno zaidi kuliko mwanga wa kawaida. Taa hafifu ya njano haiidhuru, na fundi anaona anachofanya.

La pili ni jua. Lamu iko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la adhuhuri hupita karibu na utosi na mionzi yake ni mikali. Karakana za Ulaya hununua mashine za taa. Hapa baraza au dari la juu linatosha. Ila ukali huo huo ndio mtihani. Tofauti kati ya wavu mzuri na ulioharibika inaweza kuwa ya sekunde chache. Ukiutoa mapema, emalsheni yote inaondoka na maji. Ukichelewa, mwanga hujipenyeza pembeni mwa mchoro na mistari myembamba inaziba. Kwa hiyo usikisie. Chukua wavu mmoja wa majaribio, ufunike kwa kadibodi, uifunue hatua kwa hatua kila baada ya sekunde 15, kisha uoshe uone ni ukanda upi uliotoka safi. Andika muda huo pamoja na saa ya siku, kwa sababu jua la saa nne asubuhi si la saa saba mchana. Weka kioo juu ili mchoro ulale bapa, kitambaa cheusi chini ili mwanga usirudi nyuma, na uielekeze fremu kwenye jua moja kwa moja isipigwe upande.

Kuna adui mmoja wa pwani anayesahauliwa: unyevu. Emalsheni inayohisi kavu kwa kidole inaweza kuwa bado ina maji ndani, na emalsheni yenye maji haigandi vizuri hata ikikaa juani. Iache usiku kucha mbele ya feni, fremu ikiwa imelala.

Kuchapa kwenyewe ni kwa haraka zaidi. Fulana inanyooshwa juu ya ubao uliopakwa gundi kidogo, fremu inashushwa ikiachwa juu ya kitambaa kwa milimita 2 au 3, wino unamwagwa upande mmoja, na unavutwa kwa skwiji, ule ubao wenye ukingo wa mpira. Ile nafasi ndogo ina maana yake: wavu unakigusa kitambaa pale tu mpira unapopita, kisha unaruka juu na kuuacha wino nyuma. Wavu ukilala wote juu ya pamba unanata, na ukiuinua picha inachafuka. Wakati wa kaskazi, upepo unapoingia hadi ndani, wino wa maji hukaukia ndani ya matundu. Dawa yake ni kuurudisha wino juu ya wavu kwa skwiji, bila kukandamiza, kila baada ya fulana moja.

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha, na ndipo malalamiko yanapoanzia. "Kaka, mbona nimeifua mara mbili tu, mashua imezama?" Rangi ya wino wa maji ni chembe zisizoshikamana na pamba zenyewe. Zinashikiliwa na gundi iliyomo ndani ya wino, na gundi hiyo haikamatani sawasawa mpaka ipate joto, kwa wino mwingi karibu nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika kadhaa. Jua la Lamu, kwa ukali wake wote, halifiki hata robo tatu ya joto hilo. Linaukausha wino tu. Pasi inafaa, bila mvuke, kitambaa chembamba kikiwa katikati, ukipita polepole sehemu moja baada ya nyingine. Wino wa plastiki unaitwa plastisoli na wenyewe haukauki kabisa kwa hewa. Unataka takriban nyuzi 160, la sivyo unabaki kunata.

Jezi za mpira wa miguu zina tabia yake. Nyingi ni za polista, na joto hilo hilo linaweza kuigeuza rangi ya jezi kuwa mvuke unaopanda hadi ndani ya wino. Namba nyeupe kwenye jezi nyekundu inatoka nyeupe, asubuhi imekuwa ya waridi. Wapo wanaotengeneza wino maalumu wa kuzuia hilo, unaoiva kwa joto dogo. Kwa anayejifunza, ushauri wangu ni pamba, rangi moja, na mchoro wenye mistari minene.

Rangi ya pili inahitaji wavu wa pili. Ya tatu, wa tatu. Kila wavu huchorwa alama ya jumlisha pembeni, na alama zote zisipokutana mahali pamoja picha inateleza. Leso tunazojifunga kila siku hufuata kanuni hii hii, isipokuwa viwandani fremu bapa nyingi zilibadilishwa kuanzia miaka ya 1960 kwa mitungi ya nikeli iliyotobolewa, wino ukiwa ndani yake na kitambaa kikipita chini bila kusimama. Chukua leso iliyoko nyumbani, uikague pale pindo linapokutana na mji, au kwenye kingo za herufi za jina. Utakuta ukanda mwembamba mweupe ambako rangi mbili hazikufikiana, au mstari uliokoza ambako moja imepanda juu ya nyingine. Hapo ndipo mtungi mmoja ulipopishana na mwenzake kwa upana wa nyuzi chache.