Magugu ya jamii ya haradali: liache ua, litazame ganda

Ngano ikianza kutoa masuke huko Timau, Mau Narok na Uasin Gishu nchini Kenya, simu yangu hujaa picha za maua ya manjano. Wakulima na maafisa ugani hulipiga ua picha kwa karibu sana, petali nne zikaonekana vizuri, kisha wakauliza: hili ni gugu gani, nilipulizie nini? Nawashukuru kwa kuuliza kabla ya kupulizia. Lakini ua peke yake hunijuza jambo moja tu, kwamba mmea huu ni wa jamii ya haradali, ndugu wa kabichi na sukuma wiki. Ni ndugu yupi? Hapo ua hukaa kimya.

Maua ya jamii hii yote yamejengwa kwa mpango mmoja: sepali nne (vijani vya nje vya ua), petali nne zilizokaa kwa umbo la msalaba, na stameni sita (viungo vya kiume), nne ndefu na mbili fupi. Msalaba huo ndio ulioipa jamii jina lake la zamani, Cruciferae, ambalo bado linakubalika kando ya jina la sasa, Brassicaceae. Spishi zaidi ya 3,000 duniani zinafuata mpango huo, nyingi bila kuugeuza. Rangi nayo haiaminiki. Radishi mwitu, Raphanus raphanistrum, anaweza kutoa petali za manjano hafifu katika shamba moja na nyeupe zenye mishipa ya zambarau katika shamba la jirani. Harufu ya haradali unayoipata ukifikicha jani itakuthibitishia jamii, basi. Harufu hiyo hutokea pale kemikali ya mmea na kimeng'enya chake, vilivyohifadhiwa kila kimoja mahali pake ndani ya jani, vinapokutana baada ya jani kuumia. Wengi katika ukoo huu wanayo, hata binamu wa nje kama mgagani.

Mgagani, kwa kuwa wengi wanaoniandikia huutaja, si wa jamii ya haradali siku hizi; umewekwa katika jamii yake, Cleomaceae. Jani lake limegawanyika vipande vitatu hadi saba vinavyotoka sehemu moja, stameni zake zinalingana urefu, na ganda lake halina kiambaza ndani. Ukiona hayo, usiendelee kutafuta kati ya haradali.

Neno kiambaza ndilo ninalotaka ulishike. Ganda la kweli la haradali lina vibale viwili, yaani kuta mbili za nje, na katikati yake kuna kiambaza, utando mwembamba unaogawa chumba mara mbili. Likikauka, vibale hufunguka kuanzia chini, mbegu zinaanguka, na utando hubaki umesimama kwenye fremu yake. Juu ya vibale mara nyingi kuna mdomo, sehemu isiyofunguka. Urefu wa mdomo, mishipa juu ya kibale, jinsi ganda linavyofunguka au kukataa kufunguka: tofauti zimekaa hapo. Tena mimea hii huchanua kutoka chini kwenda juu, hivyo shina moja linaweza kuwa na vitumba kileleni, maua chini yake, na maganda yaliyokomaa chini zaidi. Mkulima anayenitumia ua mara nyingi ana ganda sentimita 20 chini ya kidole chake.

Tuanze na yule anayeleta hasara kubwa. Ganda la radishi mwitu halifunguki. Limebanwa kati ya mbegu na mbegu kama shanga zilizotungwa, na likikauka hukatika vipande, kila kimoja na mbegu yake ndani ya gamba gumu. Vipande hivyo vinakaribia ukubwa wa punje ya ngano, kwa hiyo hupita kwenye chekeche za kombaini na kuingia guniani pamoja na mavuno. Mkulima akihifadhi ngano hiyo kwa ajili ya mbegu, msimu ujao anapanda gugu kwa mkono wake. Gamba hilo pia huchelewesha kuota, na mbegu huweza kungoja udongoni miaka kadhaa. Huko Australia gugu hili limekwisha kujenga usugu dhidi ya aina kadhaa za viuagugu. Ndiyo maana nasisitiza litambuliwe mapema, hata likiwa miche michache tu.

Kanola iliyojiotea, Brassica napus, zao la mafuta, ni jambo jingine kabisa. Huko Timau na Nanyuki kanola hulimwa kwa zamu na ngano, na mbegu zilizomwagika wakati wa kuvuna huota msimu unaofuata. Ganda lake ni refu, laini, lina mshipa mmoja ulio wazi katikati ya kila kibale, nalo hufunguka bila shida. Mshipa huo mmoja ni alama ya jenasi ya Brassica, yenye kabichi na sukuma wiki. Katika vitabu vya Ulaya utakutana sana na gugu jingine la haradali, Sinapis arvensis. Yeye kibale chake kina mishipa mitatu au zaidi, na sepali zake hutanuka ubapa, wakati za radishi mwitu husimama wima na kubana petali. Hii ya sepali ni mojawapo ya nafasi chache ambapo ua lenyewe husaidia.

Wa tatu ni wa kwetu hasa: Erucastrum arabicum, mwenyeji wa Afrika Mashariki, Ethiopia na Uarabuni. Maua yake ni hafifu, na ganda lake ni jembamba mno, lenye mdomo mfupi na mbegu ndogondogo. Wengi humwita radishi mwitu kwa sababu ya petali zilizopauka. Chana ganda: likifunguka vibale viwili, si radishi.

Ndani ya Brassica wenyewe kazi huwa ngumu, na sababu iko kwenye damu. Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea Nagaharu U alionyesha kwamba spishi tatu kati yao ni machotara ya nyingine tatu. Kanzira, Brassica carinata, mboga yenye asili ya Ethiopia, ina seti ya kromosomu 17: nane za haradali nyeusi na tisa za ukoo wa kabichi. Watoto wanaofanana na wazazi wote wawili hawawezi kutenganishwa kwa kutupia jicho. Hapa ninaongeza majani ya juu. Kwa Brassica rapa yanakumbatia shina, na maua yaliyofunguka hupanda juu ya vitumba. Kwa kanola yanakumbatia pia, lakini vitumba hubaki juu ya maua au usawa nayo. Kwa kanzira na Brassica juncea hayakumbatii, na hao wawili nawatenga kwa mdomo wa ganda, ambao kwa kawaida ni mrefu zaidi kwa juncea.

Wenye maganda mafupi hawasumbui kuwatambua. Capsella ana pembetatu bapa yenye ncha chini, Lepidium bonariense ana kiduara bapa chenye mbegu mbili, na Lepidium didymum ana vifundo viwili vilivyoshikana. Huyu wa mwisho ng'ombe akimla, maziwa hunuka.

Ombi langu kwa wanaochuma haradali ya majini, Nasturtium officinale, kwenye vijito vya nyanda za juu: kuitambua sawasawa kwa shina tupu na mistari miwili ya mbegu katika kila chumba hakutoshi. Mifugo ikinywa maji hayo, mboga inaweza kubeba minyoo ya ini. Ipike.

Na mnaponiletea sampuli, ng'oeni mmea mzima pamoja na mzizi, majani ya chini, na angalau ganda moja lililokomaa. Andikeni rangi ya petali siku hiyohiyo, maana manjano hupauka kwenye karatasi.