Si kila karatasi iliungua Potsdam

Husemwa kwamba kumbukumbu za askari wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili ziliteketea zote Potsdam, mji ulio karibu na Berlin, Aprili 1945. Nyingi ziliungua, kweli. Lakini kijana aliyeandikishwa jeshini alikuwa na vijitabu viwili, na watu huvichanganya. Soldbuch alitembea nacho mfukoni: mshahara, chanjo, siku alizolazwa hospitali, likizo. Wehrpass kilikaa kikosini, kikiandikwa vikosi alivyopitia na mapigano. Akifa, kilipelekwa kwa jamaa zake. Unafuatilia habari za askari na umekosa vyote viwili? Usitupe bahasha za barua zake: namba ya posta ya kijeshi ilificha jina la kikosi, ila leo inafumbulika. Orodha za vibati vya utambulisho, vile askari walivyovaa shingoni, nazo zipo Berlin, katika hifadhi ya nyaraka ya taifa.