Je wajua kwa nini tabo kubwa inaweza kuifanya gari iwe nzito?

Juzi baba mdogo kapandisha Toyota Surf yake mlima wa Bugando hapa Mwanza, ile ya injini 1KZ ya zamani, dizeli lita 3, pampu ya kawaida si ya umeme, na kabeba magunia mawili tu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni. Gari inalia, moshi mweusi nyuma mpaka bodaboda wanaziba pua, halafu haivuti. Na huyu mtu wiki iliyopita tu ametoka kufunga tabo "kubwa zaidi", muuzaji wa spea za mtumba kamwambia hii imetoka kwenye lori, ukiifunga hiyo gari inapaa, na fundi akaongeza na dizeli kwenye pampu eti iendane na tabo. Haikupaa.

Sasa kwa nini? Tabo (turbo) ina feni mbili kwenye shafti moja. Moja inazungushwa na moshi wa ekzosi, ya pili, ndo kompresa yenyewe, inavuta hewa na kuikandamiza iingie kwenye injini. Wazo ni la zamani sana, Mswisi Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905. Hewa nyingi, unachoma dizeli nyingi, unapata nguvu. Hapo wengi ndo wanaishia, wanadhani kompresa kubwa = hewa nyingi, basi.

Shida ni joto. Ushawahi kujaza upepo baiskeli halafu ukashika pampu kule chini? Inaunguza. Hewa ukiikandamiza inapata moto, hiyo haikwepeki, ila kompresa mbovu au isiyoendana na injini inaongeza moto mwingine wa bure juu yake. Chukua hewa ya nyuzi 27 ya hapa Mwanza, ikandamize mpaka presha iwe mara mbili. Kompresa yenye ufanisi wa asilimia 75 (yani robo ya nguvu inayoizungusha inapotea bure kuwa joto) inakutolea hewa ya nyuzi kama 115. Ya asilimia 60 inakutolea nyuzi kama 137. Na hewa ya moto imetanuka, kwahiyo geji ya presha inakusomea vilevile kwenye gari zote mbili lakini hewa inayoingia kwenye silinda si sawa, moja inapata kidogo. Geji inadanganya watu sana hii.

Utasema si kuna intakula, ile kama rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, itapoza. Kweli itapoza (kama gari yako inayo, Surf nyingi za zamani hazina), ila kuna kitu intakula hairudishi, nayo ni nguvu iliyotumika kuizungusha hiyo kompresa. Nilipiga hesabu ya hiyo 1KZ ikiwa kwenye mzunguko 3600 kwa dakika, inakula hewa kama kilo 7.6 kwa dakika. Kuikandamiza hewa hiyo kwa kompresa nzuri kunahitaji karibu hosipawa 15, kwa kompresa mbaya 19. Yani ndani ya ka-feni unakokashika kwa mkono mmoja kuna nguvu ya injini ya boti ile ya 15 wanayoendea sangara! Nguvu hiyo inatoka kwenye moshi, na ukiubana moshi zaidi kule kwenye ekzosi pistoni inafanya kazi ya ziada kuusukuma utoke.

Kwahiyo unachaguaje? Kila kompresa ya maana ina ramani yake kutoka kwa waliotengeneza. Chini unasoma kiasi cha hewa inayopita, pembeni unasoma hewa imekandamizwa mara ngapi, na katikati kuna viduara kama umetupa jiwe ziwani, kiduara cha ndani kabisa ndo penye ufanisi mkubwa, 75 au zaidi kidogo, ukitoka nje unashuka. Kushoto kuna mstari, ukiuvuka hewa inakuwa kidogo mno kwa feni hiyo inaanza kurudi nyuma, unasikia tabo inakohoa kohoa na shafti inapigwa vibaya. Kulia kabisa hewa imegoma kuongezeka hata feni izunguke vipi, na hapo tayari inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Unachotakiwa kufanya ni kuweka alama za injini yako kwenye ramani hiyo, moja ya mzunguko wa chini unakotembelea sana na moja ya juu, uone zinaangukia wapi. Ile tabo ya lori ilikuwa imetengenezewa injini inayokula hewa mara mbili ya Surf, kwahiyo baba mdogo alikuwa anatembea kule pembeni kushoto, feni nzito, moshi hautoshi kuichangamsha, hewa haiji, dizeli imeongezwa, unategemea nini zaidi ya masizi?

Na kuna jambo la sisi wa kanda ya ziwa ambalo mtu wa Dar hatakwambia. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 88 wakati pwani ni 101. Tuseme unataka injini ipate hewa ya kilopaskali 160. Dar unakandamiza mara 1.6 hivi, Mwanza inabidi mara 1.8. Na kwa vile hewa yetu ni nyepesi, zile kilo 7.6 kwenye ramani unazisoma kama 8.7, maana ramani imechorwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Alama yako inapanda juu na kusogea kulia, kwahiyo tabo ndogo iliyokuwa poa Dar huku inaweza kujikuta inazungushwa kupita kiasi. Ndo maana kukopi ya jamaa wa pwani nako sio.

Mimi ningeangalia kwanza mzunguko wa chini. Gari ya mizigo ya kupanda milima ya mawe hii haiishi kwenye 3600, inaishi kwenye 2000 hivi, acha ufanisi upungue kidogo kule juu.

Fundi mmoja mzee wa Igoma alipoishika ile tabo alicheka tu, "ng'wanawane, hii ya Fuso hii," akarudisha ya mwanzo, akapunguza dizeli, moshi ukaisha. Ya lori iko uani kwenye salfeti, baba mdogo anaiuza laki mbili na nusu, nimemwambia hapati.