"Ameshtuka, Basi Anasikia": Masikio ya Mtoto Mwenye Kaakaa Wazi

Hapa Newala, mkoani Mtwara, bibi hahitaji mashine ya kupima usikivu. Anachukua mfuniko wa sufuria, anaugonga nyuma ya kisogo cha mjukuu, mtoto anaruka, na shauri limekwisha: "Huyu anasikia, mwacheni." Nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka ya kutosha kuwaheshimu mabibi zetu, tena kwa mengi. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa na kaakaa wazi, yaani paa la kinywa halikuziba, kipimo cha mfuniko kimewapotezea watoto muda ambao haurudi.

"Akishtuka, anasikia."

Kusikia si taa, kwamba ama imewaka ama imezimika. Mtoto wa namna hii mara nyingi hupungukiwa usikivu kwa kiasi cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hadi 40. Upungufu huo unapitisha mfuniko, bodaboda na adhana ya alfajiri, lakini unazuia sehemu kubwa ya maneno ya mama anayeongea akiwa jikoni na mtoto yuko mkekani. Jizibe masikio kwa vidole, kisha mwambie mwenzio aseme kwa sauti ya kawaida: kaka, paka, taka, pata. Utasikia a-a, a-a, a-a, a-a. Irabu zina nguvu, zinapenya. Konsonanti kama k, t, p, s na f ni nyepesi, ndizo zinazopotea njiani, na ndizo zinazotenganisha neno na neno. Kwa lugha ya wabanguaji: mtoto anaokota maganda, korosho yenyewe hajaiona.

"Tatizo ni la mdomo, masikio yanaingiaje?"

Swali hili ni zuri, na kina baba huniuliza kuliko kina mama. Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaokwenda sikio la kati. Kila tunapomeza, misuli ya kaakaa laini huuvuta ukafunguka kidogo, hewa ikaingia. Ndiyo maana ukiteremka na basi kutoka huku juu Newala masikio huziba, ukimeza mate yanazibuka. Kaakaa likiwa limepasuka, misuli hiyo haikukutana katikati. Imejishikiza vibaya, haina nguvu ya kuvuta. Mrija unabaki umefumba, hewa iliyomo inanyonywa na mwili, na mahali pake panajaa ute, nyuma kabisa ya ngoma ya sikio. Mwaka 1969 Jack Paradise na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, walichapisha uchunguzi wa wachanga 50 wenye kaakaa wazi. Karibu wote walikutwa na ugonjwa wa sikio la kati. Kwa hiyo mimi huanza na dhana kwamba masikio yake yana ute, mpaka kipimo kinikatalie.

Tofauti moja muhimu: mtoto mwenye mdomo sungura peke yake, yaani mdomo wa juu uliopasuka, kaakaa lake likiwa zima, hana hatari kubwa hivyo ya masikio. Lakini mtu asiangalie mdomo tu akaridhika. Zipo kaakaa ambazo ngozi ya juu imeziba na misuli chini yake imeachana. Ishara mojawapo ni kimeo kilichogawanyika pande mbili. Maziwa yakitokea puani mara kwa mara, mulika tochi kinywani.

"Halii, hatoi usaha, kwa hiyo sikio ni zima."

Ute huu hauumi. Hauna harufu. Unaweza kukaa miezi bila homa hata ya siku moja. Tena hupanda na kushuka: wiki hii mtoto anageuka akiitwa, wiki ijayo ameduwaa, na nyumba nzima inakubaliana kwamba ni mkaidi.

"Mdondoshee mafuta ya nazi ya uvuguvugu."

Ute uko upande wa pili wa ngoma. Mafuta hayapiti hapo, wala maji ya kitunguu.

"Ameanza kusema mama, maneno mengine yatafuata."

Hapa naomba tukae kidogo. Baba mmoja aliniambia, nusu utani nusu uchungu, kwamba mwanawe wa mwaka mmoja anamwita "mama". Mkewe anacheka, jirani anacheka, yeye hacheki sana. Nikamwomba aseme "baba" huku akiachia hewa yote itokee puani. Akajaribu, akatoka na "mama". Akanyamaza.

Siri ni hiyo. Ili useme b, unafunga midomo na kaakaa inapanda kuziba njia ya pua; hewa inajibana, kisha inafumuka. Mtoto asiye na kizibo hicho anafunga midomo vilevile, lakini hewa imeshatoroka kwa juu. B inageuka m. D inageuka n, kwa hiyo "dada" anaitwa "nana". G inakuwa ng' kama ya ng'ombe. Yule mtoto alikuwa anamwita baba yake kila siku. Kinywa ndicho kilichokuwa kinamwangusha.

Kwa kawaida kati ya miezi 6 na 10 mtoto hubwabwaja ba-ba-ba, da-da-da. Ni mazoezi: anatoa sauti, anaisikia, anairekebisha. Wetu huyu anafanya mazoezi na vyombo viwili vibovu kwa pamoja, kinywa kinachovuja na sikio lililojaa ute. Asipopata b na d, wengine huvumbua njia yao ya kukata sauti kooni. Ikishakuwa mazoea, haiondoki kwa kushonwa kaakaa. Inahitaji mtaalamu wa matamshi na subira ya miezi mingi, na wataalamu hao Kusini ni wa kutafuta kwa tochi.

"Akishashonwa, tumemaliza."

Mdomo, kama nao umepasuka, hushonwa mara nyingi akiwa na miezi 3 hadi 6. Kaakaa hufuata, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, na haraka hiyo ni kwa ajili ya usemi: izibwe kabla maneno hayajashika mizizi. Familia nyingi huona mdomo umependeza, picha zimepigwa, na safari ya pili haifanyiki. Siwalaumu sana. Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na ingawa hospitali ya CCBRT ya huko hufanya upasuaji huu, nauli na siku za kulala ugenini katikati ya msimu wa korosho ni mzigo halisi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, barabara ilikatika upande wa Kilwa, na hata mwenye nauli alikaa.

Hata kaakaa ikishonwa vizuri, misuli haijifunzi kazi siku hiyo. Ute unaweza kuendelea kurudi kwa miaka. Daktari wa masikio, pua na koo anaweza kutoboa ngoma na kuweka kijirija kidogo cha kupitisha hewa. Wengine hufuatiliwa tu, na wengine hupewa vifaa vya kusikia.

"Msimchanganye, mwongeleshe Kiswahili tu."

Ushauri huu hutoka hata kwa watu waliosoma, nao unanikera. Unamziba mdomo bibi. Bibi anayejua kubembeleza kwa Kimakonde anaambiwa anyamaze, na mtoto ambaye tayari anasikia kidogo anasikia kidogo zaidi. Lugha mbili hazimfanyi mtoto achelewe kusema wala haziharibu kaakaa. Bibi aongee, ila asogee: uso kwa uso, hatua moja, redio imezimwa, mwanga uko usoni pake yeye anayeongea.

"Akatwe kimeo, ulimi utafunguka."

Hapana. Ni jeraha, damu na maambukizi, na nyama ya kaakaa laini mtoto huyu hana ya kupunguza.

Na wale wanaosema mama alichungulia kupatwa kwa mwezi, au kuna mkono wa mtu, nitawajibu kwa ufupi: kaakaa hujifunga katika miezi mitatu ya mwanzo ya mimba, mara nyingi kabla majirani hawajajua kuna mimba.

"Kama kungekuwa na shida, kliniki wangesema."

Kliniki tunapima uzito na kuchoma sindano, foleni iko mlangoni. Masikio yasipotajwa, yanapita. Kwa hiyo yatajeni nyinyi, kila chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9, miezi 18. Ombeni rufaa ya kupimwa usikivu. Akifeli kipimo cha kwanza msilie, ute peke yake unatosha kumfelisha, rudieni. Na kwenye daftari la kliniki andikeni tarehe aliyogeuka mlipomwita kwa sauti ndogo kutoka nyuma, bila mfuniko, na tarehe ambayo hakugeuka.